Kiwanda cha kigeni kimejengwa jirani na karakana yangu: kitaniinua au kitanimaliza?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina karakana ya kukereza na kuchomelea vyuma hapa Mlandizi, mkoa wa Pwani. Nina leithi (mashine za kukereza) mbili, mashine ya fresi moja ya zamani na vijana tisa. Miaka ya nyuma tulikuwa tunatengeneza mashine za kusaga, trela za trekta na spea za malori. Sasa ukanda huu umejaa viwanda vya wageni: vigae, nondo, plastiki. Redioni kila siku tunaambiwa uwekezaji unakuza viwanda vya nchi. Nilichokiona mimi ni hiki: kiwanda kilicho karibu nami kimechukua mafundi wangu wawili bora. Nilipokwenda kuomba kazi walinipa bushi sita za majaribio (vile vipete vya kushikia shafti), wakakataa nne, hawakuniita tena. Hata bolti wanaleta kwa kontena. Juu ya hapo, mgeni mwingine amefungua karakana kama yangu mtaa wa pili na bei yake iko chini. Na sasa amejitokeza mtu kutoka nje anayetaka tuingie ubia: yeye alete mashine za kisasa, mimi nitoe kiwanja na leseni. Hawa wawekezaji wanatuinua au wanatumaliza? Na mimi nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza jambo ambalo wachumi wamelibishania kwa miongo kadhaa, na umeliuliza vizuri kuliko wengi wao, kwa sababu umekuja na bushi sita mkononi. Nitakujibu kwa urefu, maana uamuzi ulio mbele yako, hasa huo wa ubia, unaweza kukupa karakana kubwa au kukunyang'anya hiyo uliyo nayo.

Nianze na jibu lenyewe. Mtaji wa kigeni hauinui viwanda vya wenyeji kwa sababu tu umeingia nchini. Huviinua pale kiwanda cha mgeni kinaponunua vitu kwa mwenyeji, na pale mwenyeji aliyefanya kazi ndani ya kiwanda hicho anapotoka na ujuzi wake. Yasipotokea hayo mawili, kiwanda kinaweza kukaa miaka ishirini kando ya barabara ya Morogoro, kikalipa mishahara na kodi, na karakana zilizokizunguka zikabaki zilivyokuwa. Hicho ndicho unachokiona Mlandizi. Ila katika barua yako umewachanganya watu wawili. Kiwanda cha vigae hakishindani nawe. Huyo ni mteja uliyemkosa. Mgeni mwenye karakana kama yako ndiye mshindani. Hasira yako kwa wote wawili naielewa, lakini ukiwatendea namna moja utapoteza.

Hayo ya redioni yanahitaji kuwekwa sawa kwanza. Takwimu zinazotangazwa mara nyingi ni za miradi iliyosajiliwa, yaani fedha ambazo mwekezaji ameahidi kuleta. Kati ya kusajili na kuwasha mitambo kuna safari, na si kila mradi unafika. Tena si kila dola ya kigeni inakwenda kiwandani. Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ianze kutoa dhahabu mwanzoni mwa miaka ya 2000, madini yamekuwa yakichukua sehemu kubwa ya mtaji wa kigeni Tanzania, na mgodi unaweza kuingiza mamilioni ya dola bila kubadili chochote kwenye leithi yako. Tulitunga sheria ya uwekezaji mwaka 1997, tukatunga nyingine mwaka 2022, na bado uzalishaji wa viwandani unachangia chini ya asilimia 10 ya pato la taifa. Kenya nayo, pamoja na kutangulia kwake katika viwanda, iko chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo ukiona mambo ya redioni hayafanani na mambo ya mtaani kwako, macho yako hayakudanganyi.

Sisemi kwamba wageni hawajawahi kusaidia. Kampuni ya Bia Tanzania ilipouza nusu ya hisa zake kwa wawekezaji wa Afrika Kusini mwaka 1993, kiwanda kilichokuwa kimechoka kilipata mitambo mipya na usimamizi mwingine, na wakulima wa shayiri wa kaskazini wakapata mnunuzi wa mkataba. Lakini chukua Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China mwaka 1968. Katikati ya miaka ya 1990 kiliingia ubia, Wachina asilimia 51 na sisi 49. Hakikurudi kamwe kwenye hadhi yake ya zamani. Mashine zilikuwa zimezeeka, na soko lilikuwa limejaa vitenge vya bei rahisi kutoka nje na mitumba. Nchi ni ileile, miaka ileile, wageni kote kuwili. Jina la mwekezaji na ukubwa wa mtaji wake havikutosha kuamua.

Sasa nikueleze utaratibu wake unavyofanya kazi ndani, kwa sababu ukiuelewa utajua pa kusimama.

Wachumi wawili, Brian Aitken na Ann Harrison, walichambua takwimu za viwanda vya Venezuela za mwaka 1976 hadi 1989. Kwa kutazama harakaharaka, sekta zenye wageni wengi zilionekana pia kuwa na wenyeji wanaofanya vizuri, na wengi wangeishia hapo na kupiga makofi. Wao walifuatilia kiwanda kimoja kimoja, mwaka hadi mwaka. Picha ikageuka. Wageni walikuwa wamechagua sekta ambazo tayari zilikuwa nzuri, na viwanda vya wenyeji vilivyouza bidhaa ileile na mgeni ufanisi wake ulishuka. Sababu yake unaijua kwa mfuko wako: mgeni akikuchukulia theluthi ya wateja, kodi ya pango haipungui, mlinzi ni yuleyule, bili ya umeme haishuki kwa kiasi hichohicho, na mashine ni zilezile ulizokopea. Gharama hizo sasa unazigawa kwa kazi chache, kwa hiyo kila kipande kinakugharimu zaidi kuliko zamani. Hujawa fundi mbaya, ila vitabu vyako vinaonyesha kana kwamba umekuwa mbaya. Hiki ndicho kinachokupata kwa yule wa mtaa wa pili.

Utafiti mwingine, wa Beata Javorcik kuhusu Lithuania, uliochapishwa mwaka 2004, ulitazama upande wa pili: wenyeji wanaowauzia wageni. Hapo ndipo faida ilipoonekana. Viwanda vya wenyeji vilivyokuwa kwenye sekta zinazowauzia wageni viliongeza ufanisi. Na alipotenganisha, faida hiyo ilitokana na viwanda vyenye umiliki wa pamoja kati ya mgeni na mwenyeji, siyo vile vinavyomilikiwa na mgeni peke yake. Mgeni aliyekuja peke yake huja pia na mtandao wake: kampuni mama inamtafutia spea, inampangia kontena, na meneja ununuzi hajui hata kama Mlandizi kuna leithi. Mwenye mbia mwenyeji ana mtu ndani anayejua nani anakereza nini. Hivyo kontena lako la bolti si chuki dhidi yako. Kwa mtu asiyekujua, ndiyo njia rahisi.

Kuhusu mafundi wako wawili, najua inauma. Umemfundisha kijana miaka minne, amekuwa mkono wako wa kulia, anaondoka kwa nyongeza ya mshahara usiyoweza kuifikia. Lakini usifunge huo mlango kwa maneno makali. Mwaka 1979 kampuni ya Desh ya Bangladesh, iliyokuwa na mkataba na Daewoo ya Korea Kusini, ilipeleka watu 130 Korea kujifunza ushonaji wa kiwandani. Hadi kufikia mwaka 1987, 115 kati yao walikuwa wameshaondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au kwenda kuendesha vya wengine. Kwa Desh yenyewe ilikuwa hasara. Kwa nchi ilikuwa mbegu ya sekta ambayo leo inaleta zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya Bangladesh. Vijana wako sasa wanajifunza ratiba za matengenezo, usomaji wa michoro, namna ya kutunza kumbukumbu za mashine. Miaka mitatu ijayo mmoja wao atachoka na zamu za usiku. Arudi kwako au kwa mtu mwingine, hilo linategemea namna mlivyoagana. Na kwa sasa hao ndio watu pekee ndani ya kiwanda wanaojua jina lako. Mpigie simu mmoja wao wiki hii, umsalimie tu, umuulize kipi kinaharibika mara kwa mara huko ndani.

Tuje kwenye zile bushi sita, ambazo kwangu ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika barua yako. Unasema walikataa nne. Maana yake mbili zilipita. Mikono yako na leithi yako vinaweza kutoa bushi inayokubalika katika kiwanda cha kisasa, ushahidi upo. Kilichokosekana ni kutoa kitu kilekile mara sita mfululizo. Hapo ndipo karakana nyingi za kwetu zinapoanguka, na wenye viwanda hawasemi wazi, wanaacha tu kupiga simu.

Niliwahi kuonyeshwa stoo ya spea ya kiwanda kimoja cha kigeni. Rafu ya juu kulikuwa na bushi kutoka China, kila moja kwenye plastiki yake, na karatasi yenye namba, kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na aina ya chuma. Rafu ya chini kulikuwa na kiroba chenye bushi za karakana za jirani, zimechanganyika, hazina alama. Mkuu wa matengenezo alichukua mbili kutoka kwenye kiroba akazipima mbele yangu. Moja ilikuwa safi kabisa. Ya pili ilipishana na ya kwanza kwa sehemu kumi za mia ya milimita. Akanieleza kwamba hawezi kumtuma fundi wa zamu usiku achague kwa kubahatisha, kwa hiyo kiroba kizima kinakaa pale.

Tazama ukubwa wa namba hizo. Shafti ya milimita 60 inayobeba beringi inaruhusiwa kuzidi kipimo chake kwa takriban sehemu mbili za mia ya milimita. Ikizidi hapo, beringi inabanwa, inapata joto, inakufa mapema. Ikipungua, shafti inazunguka ndani ya beringi na kujila yenyewe. Ukiwa na venia peke yake huwezi kuuona mpaka huo kwa uhakika, kwa sababu venia nyingi za mtaani zinasoma kwa sehemu mbili hadi tano za mia. Unahitaji maikromita, kipimo chenye usahihi zaidi. Na tanuri la vigae huwaka usiku na mchana. Likisimama kwa sababu ya bushi ya shilingi elfu hamsini, hasara yake inahesabika kwa mamilioni. Mnunuzi hatazami bei ya bushi yako. Anatazama gharama ya usiku ambao bushi yako itakatika. Ndiyo sababu kushusha bei hakukusaidii kwa mteja wa aina hii, ingawa ndilo jambo la kwanza ambalo mafundi wengi hulifanya.

Kuna na jambo moja ambalo kwa kweli haliko mikononi mwako, na nalisema kwa sababu ni haki lisemwe. Mashine nyingi za viwandani huingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ushuru wa asilimia sifuri, na kiwanda kilicho ndani ya ukanda maalumu wa kuuza nje huingiza mahitaji yake bila ushuru. Wewe unanunua chuma dukani Gerezani, na bei yake tayari imebeba ushuru na faida za watu wawili watatu. Kabla hujawasha leithi, umeshaachwa nyuma. Serikali ikitaka viwanda vya wageni vinunue kwa wenyeji, lazima iangalie chuma cha fundi kwa jicho lilelile inaloangalia mtambo wa mwekezaji. Penang, kule Malaysia, walifungua eneo huru la biashara mwaka 1972, lakini hawakuishia kukata utepe. Mwaka 1989 serikali ya jimbo na makampuni yenyewe ya kigeni walianzisha kituo cha kufundishia mafundi kwa mahitaji halisi ya viwanda vile, na karakana za wenyeji zilizoanza kwa kukereza vipuri vidogo zikakua. Mimi ningependa siku moja redioni tutangaziwe si mtaji ulioahidiwa, bali kiasi ambacho kila kiwanda kimenunua kwa Watanzania mwaka huo. Namba hiyo ndiyo ingekuhusu.

Turudi kwako. Rudi kiwandani, lakini usiende kuomba kazi. Nenda ukaombe zile bushi nne na sababu ya kila moja kukataliwa. Ilikuwa kipimo? Uso haukuwa laini? Au bronzi yenyewe ilikuwa laini mno? Hilo la mwisho ni la kawaida sana tunapotumia bronzi ya kuyeyusha chakavu, ambayo mchanganyiko wake haujulikani. TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda lililo Msasani, Dar es Salaam, wana maabara ya kupima vyuma. Peleka kipande kimoja kizuri na kimoja kibovu. Halafu pima leithi yako yenyewe. Kama kitanda kimelika upande wa kichwa, au beringi za spindo zimelegea, hata fundi bora atatoa vipande sita visivyofanana. Wakati mwingine beringi mpya na siku mbili za kurekebisha zinaleta tofauti kuliko mashine mpya ya mkopo. Vipimo vyako navyo vihakikiwe. TBS, shirika la viwango, wana maabara ya ugezi inayofanya kazi hiyo.

Baada ya hapo, kila kipande kinachotoka karakanani kipigwe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na kipimo, tarehe, aina ya chuma na jina la aliyekikereza. Ni kazi ya dakika mbili kwa kipande, na vijana watalalamika mwezi wa kwanza. Lakini siku utakapompelekea mkuu wa matengenezo vipande kumi na karatasi yenye vipimo kumi, utakuwa umehama kutoka kwenye kiroba.

Usianze na vitu vinavyoweza kusimamisha tanuri. Anza na vitu ambavyo vikiharibika hakuna anayepata hasara kubwa: vizuizi vya usalama kwenye mikanda, toroli, ngazi, stendi, mabano ya mabomba. Kisha rola za konveya. Shafti na bushi za mitambo mikuu zije baadaye, wakati wameshakuzoea. Wengi wanataka kuanzia juu kwa sababu ndiko kwenye faida, wanaharibu mara moja, basi.

Na kabla hujasaini oda yoyote, hesabu fedha za kuzungushia. Viwanda vikubwa hulipa baada ya siku 30, 60, hata 90. Tuseme wanakupa kazi ya shilingi milioni 12 kwa mwezi, na chuma, umeme na mishahara vinakula milioni 9. Kama wanalipa siku 60 baada ya kupokea, utakuwa umetoa milioni 27 mfukoni kabla ya kupokea ile 12 ya kwanza. Karakana inaweza kufa huku ikiwa na kazi nyingi na faida nzuri kwenye karatasi. Omba malipo ya awali ya chuma, au omba wakununulie chuma wenyewe, wewe uwatoze ufundi. Wengi hukubali, kwa kuwa hivyo wanakuwa na uhakika wa aina ya chuma pia. Uwe na mashine ya EFD na hesabu zinazoeleweka. Idara ya ununuzi ya kiwanda kikubwa hailipi kwa risiti ya kuandika kwa mkono. Wapo watakaotaka uwe umesajiliwa VAT ili nao warejeshewe kodi hiyo, na kwa mtu ambaye mauzo yake hayafiki milioni 200 kwa mwaka usajili si wa lazima, kwa hiyo ongea na mhasibu kabla ya kukubali au kukataa.

Wala usiwe na mteja mmoja. Ethiopia ilifungua eneo la viwanda la Hawassa mwaka 2016, likajaa makampuni makubwa ya nguo, yakivutwa na mishahara midogo na soko la Marekani lisilo na ushuru chini ya mpango wa AGOA. Vitambaa na vifungo vingi vilitoka nje. Vita vya Tigray vilipofanya Marekani iiondoe Ethiopia kwenye mpango huo kuanzia Januari 2022, PVH, kampuni iliyokuwa nguzo ya eneo lile, ilikuwa imeshatangaza kuondoka. Kiwanda kisichonunua mengi kwa wenyeji hakina mengi ya kukishikilia. Kwa hiyo mashine zako za kusaga na trela za trekta usiziache. Wakulima wa Ruvu hawatahamia nchi nyingine. Mimi nisingependa kiwanda chochote kimoja kikuletee zaidi ya theluthi moja ya mapato yako, hata kama meneja wake ni rafiki yako.

Yule wa mtaa wa pili. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara, na umiliki wa viwanda vidogo sana na vidogo umo kwenye orodha. Kwa sera ya mwaka 2003, kiwanda chenye wafanyakazi 5 hadi 49 ni kidogo. Kama karakana yake ni kama yako, ofisi ya biashara ya halmashauri ndiyo mahali pa kuuliza ana leseni ya aina gani. Uliza kwa utulivu. Huenda aliomba zamani na muda wake haujaisha, huenda mmiliki ni Mtanzania. Lakini nikuonye kama ndugu: usitegemee amri hiyo iwe mpango wako wa biashara. Akifungiwa yeye kesho, mshindani atakayefuata anaweza kuwa Mtanzania mwenye mashine zilezile. Kama bei yake iko chini kwa sababu anakereza haraka mara mbili, hilo litabaki kuwa swali lako.

Sasa ubia, na hapa naomba usome polepole. Unaambiwa utoe kiwanja na leseni. Jiulize kwa nini mtu mwenye mtaji anataka leseni yako. Baada ya amri niliyoitaja, wapo wageni wanaotafuta jina la Mtanzania la kusimama mbele yao. Ukiwa kivuli, wewe ndiye uliyesajiliwa, wewe ndiye TRA watakayemtafuta, na amri hiyo inamwadhibu pia raia anayemsaidia mgeni kufanya shughuli zilizokatazwa. Hilo ni jambo tofauti kabisa na ubia wa kweli.

Ubia wa kweli upo, na ule utafiti wa Lithuania unaonyesha kwa nini una thamani: mwenyeji anakuwa ndani, anajua vinavyonunuliwa, anajifunza. Dalili zake utaziona mapema. Mashine zinathaminiwa na mtu huru, si kwa bei aliyoitaja mwenye nazo. Nimeona mashine zilizotumika miaka kumi zikiingizwa kwenye vitabu kana kwamba ni mpya, na mwenyeji akajikuta na hisa ndogo katika kampuni iliyo juu ya kiwanja chake mwenyewe. Kiwanja hakihamishwi jina. Kampuni inakikodi kwako kwa mkataba wa miaka inayojulikana. Unasaini benki pamoja naye. Vijana wako ndio wanaofundishwa kuendesha na kuzitengeneza hizo mashine, na hilo limeandikwa, pamoja na muda wake. Tena imeandikwa mnaachanaje: nani anachukua nini mkishindwana. Mtu mwenye nia njema hachukii maswali hayo, kwa sababu naye anahofia fedha zake.

Kama ningekuwa na uamuzi huo, ningemwomba tuanze na kitu kidogo. Anikodishe mashine moja kwa mwaka, nimlipe kutokana na kazi inazofanya, kisha tuzungumze kuhusu kampuni. Akikubali, mmejuana bila kuweka kiwanja hatarini. Akisisitiza leseni na kiwanja kwanza, mimi nisingeendelea naye.

Kwa mambo mengine barua haitoshi, inabidi uende mwenyewe. Ofisi ya SIDO ya mkoa iko Kibaha, si mbali nawe. Wakutembelee karakanani, waione leithi, na uwaulize kuhusu mafunzo, mikopo na utaratibu wa kupata alama ya ubora ya TBS kwa wajasiriamali wadogo. Mamlaka ya uwekezaji, TISEZA, iliyoundwa mwaka 2025 kwa kuunganisha TIC na EPZA, inaweza kukuambia ni viwanda gani vilivyosajiliwa katika ukanda wako na nani wa kumwona. Ulizia pia kama mbia wako mtarajiwa anajulikana huko. Kumbukumbu za kampuni yake, kama anayo nchini, zinapatikana BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Mkataba wa ubia usisainiwe kabla wakili wako, siyo wake, hajausoma ukiwa umeketi naye, na hati ya kiwanja isitoke mikononi mwako hata kwa ajili ya kutolewa nakala. Nakala itoe wewe. Kama umeshasaini chochote au umeshampa leseni, usisubiri hadi mwisho wa mwezi, mwone wakili kesho.

Ukishazipata zile bushi nne na sababu zake, niandikie tena. Weka picha za vipimo na useme leithi zako ni za aina gani na za mwaka gani, nitakuunganisha na mtu wa mitambo tuzitazame pamoja.